"Tafiti Zaidi Zifanyike": Nani Afanye, Wapi, na Apime Nini?

Tasnifu nyingi zinazotiwa majalada kwenye steshenari za Moshi na Arusha kila msimu wa mahafali huishia mahali pamoja: kipengele kifupi mwishoni mwa sura ya tano, kabla tu ya marejeleo, chenye kichwa "Mapendekezo kwa Tafiti Zijazo". Kwa kawaida kina aya mbili. Ya kwanza inasema utafiti huu ulifanyika wilaya moja, hivyo tafiti nyingine zifanyike katika wilaya nyingine. Ya pili inasema sampuli ilikuwa ndogo, hivyo tafiti zijazo zitumie sampuli kubwa zaidi. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na chache kwa Kiswahili, lakini kasoro ni ileile.

Aya hizo mbili unaweza kuzitoa kwenye tasnifu ya ushirika wa kahawa ukazibandika kwenye tasnifu ya shinikizo la damu, na hakuna mtahini atakayeshtuka. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Pendekezo la utafiti linaloweza kuhamishwa bila kubadilishwa neno halijasema kitu. Na inauma, kwa sababu hiki ndicho kipengele pekee katika kurasa zote mia na ushee kinachozungumza na mtu ambaye bado hajaanza kazi: mwanafunzi wa mwaka ujao anayehangaika kupata topiki, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Tengeru au cha kahawa cha Lyamungu anayepanga msimu, afisa wa halmashauri mwenye bajeti ndogo ya upimaji. Mtu huyo anataka kujua swali gani limebaki wazi, kwa nini limebaki wazi, na aanzie wapi. Tunamwambia "zifanyike". Ni sawa na kumwelekeza mgeni aliyeshuka stendi ya Moshi kwa kumwambia nyumba iko huko mbele.

Tatizo hili si la vyuo vyetu peke yake. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mapitio zaidi ya 2,500 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua ushahidi wa tiba. Karibu mapitio 8 kati ya kila 10 yalitaja tiba inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Lakini ni kama 3 tu kati ya 10 yaliyosema ichunguzwe kwa wagonjwa wa aina gani, na karibu nusu yalisema matokeo gani yapimwe. Yaliyotaja yote matatu hayakufika 2 kati ya 10. Nao hao ni waandishi wenye miongozo ya kina na wahariri wa kuwabana.

Hasara yake inaonekana vizuri kwenye dawa moja iliyokuwa ikitumika kupunguza damu inayopotea wakati wa upasuaji wa moyo, aprotinini. Kati ya mwaka 1987 na 2002 yalichapishwa majaribio 64 ya dawa hiyo. Watafiti walipokuja kuyajumlisha mwaka 2005, kwa mfuatano wa tarehe, waligundua kwamba kufikia jaribio la 12, mwaka 1992, jibu lilikuwa limeshapatikana: dawa inapunguza haja ya kuongezewa damu. Majaribio zaidi ya 50 yaliyofuata yaliuliza swali lililokwisha kujibiwa, huku wagonjwa wa kundi la kulinganishia wakinyimwa kitu kilichojulikana kuwa kinasaidia. Swali lililokuwa wazi kweli lilikuwa jingine: je, dawa hii ni salama ikilinganishwa na zile za bei nafuu zinazofanya kazi hiyohiyo? Hilo lilihitaji jaribio moja kubwa. Lilipofanyika kwa wagonjwa zaidi ya 2,300, lilisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 2007 kwa sababu vifo vilielekea kuwa vingi zaidi kwenye kundi la aprotinini, na mauzo ya dawa yakasitishwa. Ulaya baadaye iliirudisha kwa matumizi machache. Miaka yote hiyo "utafiti zaidi unahitajika" ilikuwa kauli ya kweli. Ila haikusema utafiti wa nini.

Mwaka 2006 kundi la watafiti lilipendekeza kwenye jarida la tiba la BMJ mpangilio unaojulikana kwa herufi EPICOT. Kila pendekezo la utafiti litaje ushahidi uliopo ukoje, watu gani wahusishwe, hatua gani ijaribiwe, ilinganishwe na nini, matokeo gani yapimwe, na tarehe ambayo mwandishi alitafuta ushahidi huo kwa mara ya mwisho. Ulitungwa kwa ajili ya tiba, lakini unafaa kwa kahawa, kwa maji na kwa SACCOS. Kama utafiti wako ni wa kueleza hali tu na hakuna hatua inayojaribiwa, toa hiyo moja, tano zilizobaki zinasimama. Ninayoipenda zaidi ni ya mwisho, tarehe. Pendekezo lisilo na tarehe halizeeki, na mwanafunzi wa mwaka 2031 ataliokota kama jipya.

Kisima kimoja kwa karibu

Nachukua mfano wa maji, kwa sababu watu wa Arumeru na Hai wanaujua bila kuelezwa. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina floridi nyingi, nayo huingia kwenye maji ya chini ya ardhi na baadhi ya mito. Meno yenye madoa ya kahawia ni jambo la kawaida ukanda wa Ngurdoto na Maji ya Chai, na ndiyo maana Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambacho kimefanya kazi kwa miaka mingi na chujio za mifupa iliyochomwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4.

Tuseme mwanafunzi wa uzamili amepima visima 40 kati ya Machi na Mei, kila kisima mara moja. Visima 26 vimezidi 1.5. Katika rasimu ya kwanza ameandika: "Utafiti zaidi ufanyike kuhusu ubora wa maji katika maeneo mengine ya mkoa."

Sasa msimamizi anayejali angemrudisha kwenye jedwali lake la matokeo, si kwenye kitabu cha mbinu. Jedwali lenyewe linasema nini kimebaki. Kwanza, vipimo vyote ni vya masika. Kiangazi maji yanapopungua visima vinaweza kusoma tofauti, na data yake haiwezi kusema. Pili, visima 9 vimesoma kati ya 1.0 na 2.0, yaani vimekaa jirani na mpaka, upande huu au ule. Hivyo ndivyo ambavyo msimu unaweza kuvivusha. Kisima kilichosoma 7 hakina mashaka, masika au kiangazi ni kibaya. Pendekezo likiandikwa upya linakuwa hivi:

"Vipimo vyetu vilichukuliwa Machi hadi Mei, mara moja kwa kila kisima, hivyo hatuwezi kueleza kama floridi hupanda kiangazi. Utafiti unaofuata upime visima 9 vilivyosoma kati ya miligramu 1.0 na 2.0 kwa lita (Jedwali 4.2), mara moja kila mwezi kwa miezi 12, kwa elektrodi ya floridi kama tuliyotumia, na uandike kina cha maji siku ya kupima. Visima hivi vipewe kipaumbele kwa sababu mabadiliko madogo ya msimu yanaweza kuvivusha mpaka wa 1.5, na kwa sasa kaya zinazovitumia hazina onyo lolote."

Hapo kuna sampuli 108, kazi ambayo mtu mmoja mwenye pikipiki anaimaliza kwa mwaka akiwa na kazi nyingine. Angeandika "visima vyote 40 kila mwezi" ingekuwa sampuli 480, na pendekezo lingebaki kwenye rafu kwa sababu ya gharama. Kupunguza ni sehemu ya uandishi.

Jedwali lina jambo la tatu, na hili ndilo wanafunzi wengi hulificha: visima viwili vilivyoko umbali wa mita 300 vimesoma 0.8 na 6.1. Tokeo kama hili huonekana kama dosari, likapewa sentensi moja ya "huenda kulikuwa na makosa ya upimaji". Ukweli ni kwamba hapo ndipo penye swali zuri kuliko yote. Je, kisima kimoja kimechimbwa hadi mwamba mwingine? Jibu linaweza kuwa kwenye kumbukumbu za uchimbaji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi zake hapahapa Moshi. Pendekezo likitaja jozi hiyo ya visima, kina cha kila kimoja kama kinajulikana, na mahali pa kutafuta kumbukumbu, mtu wa jiolojia anaweza kuanza Jumatatu. Kabla ya kuandika hivyo, mwanafunzi arudie kupima visima hivyo viwili kwa siku tofauti. Pendekezo lililojengwa juu ya kosa la kupima humpotezea mtu mwaka.

Na ataje kiwango alicholinganisha nacho. "Vilizidi kiwango" inamaanisha jambo moja kwa 1.5 na jingine kabisa kwa 4. Tasnifu za zamani zilizotumia 4 zina visima "salama" ambavyo leo havihesabiwi hivyo, na msomaji asiyeambiwa namba atachanganya.

Hiyo "sampuli kubwa zaidi"

Kubwa kiasi gani? Wengi vyuoni kwetu hutumia fomula ya Yamane: idadi ya watu gawanya kwa moja ongeza idadi hiyo mara mraba wa kosa linalovumilika. Kijiji chenye wakulima 2,000 kwa kosa la 0.05 kinatoa sampuli ya 333. Kwa kosa la 0.1 kinatoa 95, na hiyo 95 ndiyo inayochaguliwa sana kwa sababu nauli na fedha ya kuwalipa wasaidizi haziongezeki sampuli ikiongezeka. Sina ugomvi na 95. Ugomvi ni kwamba fomula hiyo inakadiria asilimia moja ya kundi zima, halafu mwanafunzi anaitumia kulinganisha makundi mawili.

Chukua wakulima wa kahawa walio wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na wasio wanachama, tukiuliza wangapi wamepanda miche ya aina zinazostahimili magonjwa. Ukitaka kuona tofauti ya asilimia 30 kwa 20, na ukataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo, kwa bahati tu), unahitaji karibu watu 290 kila kundi. Ukitaka kuona 30 kwa 25, ni karibu 1,250 kila kundi. Tofauti ikipungua nusu, watu wanaongezeka zaidi ya mara nne. Mwenye 95 waliogawanyika nusu kwa nusu angeweza kuona tofauti ya kama alama 25 za asilimia na kuendelea. Ndogo kuliko hapo ingempita. Na kama vijiji vilichaguliwa kwanza ndipo kaya zikachaguliwa ndani yake, watu wa kijiji kimoja hufanana, hivyo namba hizo huzidishwa tena, mara nyingi kwa 1.5 au 2.

Kwa hiyo mwandishi anayesema "hakuna uhusiano kati ya uanachama na upandaji" amesema zaidi ya alichokiona. Aandike: "Hatukuona tofauti. Sampuli yetu ya 95 isingeweza kuonyesha tofauti iliyo chini ya takribani alama 25. Utafiti unaotaka kuona tofauti ya alama 10, ambayo ndiyo ingebadilisha mpango wa ugani, uhoji wakulima wasiopungua 290 kila upande." Sentensi tatu. Msimamizi wa takwimu anaweza kusaidia kupata namba kwa dakika chache, na mwanafunzi ataondoka akijua utafiti wake uliweza nini na haukuweza nini.

Kuhusu "wilaya nyingine" nina neno fupi. Kuhamisha swali kutoka Rombo kwenda Siha ni utafiti iwapo kuna sababu ya kutegemea jibu tofauti. Kwenye kahawa sababu hiyo ipo: chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, hushambulia zaidi huko juu kwenye baridi na unyevu, kutu ya majani huzidi huku chini kwenye joto. Ukitoka vijiji vya juu ukashuka vya chini umebadili adui, hivyo mkulima wa chini anaweza kuwa na sababu nyingine ya kupokea au kukataa mche. Iandike sababu hiyo. Kama hakuna, wilaya nyingine itatoa tasnifu ileile yenye jina jipya la kata.

Uzito wa kitenzi

Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kumficha mtendaji: "zifanyike", "ichunguzwe", "itazamwe upya". Vitenzi hivi si vibaya, ila vikisimama peke yake hakuna anayehisi ameitwa. Taja anayeweza. "Mwanafunzi wa uzamili mwenye miezi sita anaweza…" ni ahadi tofauti na "Taasisi yenye maabara na mashamba ya majaribio ya misimu mitatu…". Za kwanza zinachukuliwa na vyuo vikuu vya Mwenge, Ushirika au Mandela. Za pili ni za taasisi za utafiti: TaCRI ya kahawa pale Lyamungu au TARI ya kilimo pale Tengeru. Zinazohusu wanyamapori zitapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mtafiti mgeni atahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mwandishi anayejua hivyo aseme, kwa sababu vibali hula miezi.

Kuna ngazi nyingine ambayo huchanganywa mno: "haijulikani", "haijachunguzwa", "hatukupata chapisho", "hatukupima". Ya kwanza ni dai kuhusu dunia nzima. Ya pili ni dai kuhusu watafiti wote. Ya tatu ni kuhusu utafutaji wako, ya nne ni kuhusu kazi yako. Mwanafunzi aliyetafuta kwa Google jioni mbili ana haki na ya tatu na ya nne tu. "Hakuna utafiti uliowahi kufanyika Kilimanjaro kuhusu jambo hili" huanguka mbele ya mtahini wa nje anayekumbuka tasnifu ya mwaka 2016 iliyoko chuo jirani, kilomita chache kutoka hapo, ambayo haikuchapishwa popote. Njia salama ni kusema ulitafuta wapi na lini: hazina za mtandaoni za vyuo vikuu vya UDSM (Dar es Salaam) na SUA (Sokoine) na chuo chako, Google Scholar, maneno gani, kwa Kiingereza na Kiswahili, hadi mwezi gani. Kisha: "katika hayo hatukukuta kipimo cha…". Sentensi ni ndefu zaidi lakini haibomoki.

"Ni lazima" itumike mara moja au isitumike. Mapendekezo matano yote yakiwa ya lazima, msomaji hana namna ya kuchagua. Panga kwa uzito na useme hivyo waziwazi: la kwanza lifanyike kabla ya la pili kwa sababu jibu lake linaweza kulifuta la pili. "Huenda" ibaki kwenye maelezo ya sababu, isiingie kwenye matokeo uliyoyapima mwenyewe.

Na kuna mkanganyiko unaojirudia kati ya mapendekezo ya sera na ya utafiti. Kipengele 5.3 kinasema serikali isambaze chujio za mifupa kwa kaya zote. Kipengele 5.4, nusu ukurasa chini, kinasema ufanisi wa chujio hizo uchunguzwe. Msomaji amwamini mwandishi yupi? Ikiwa ushahidi unatosha kuanza, andika kwamba unatosha kuanza, na utafiti unaobaki ni wa jambo mahususi zaidi, kwa mfano chujio inadumu miezi mingapi kwenye kaya ya watu sita kabla haijahitaji kubadilishwa. Ikiwa hautoshi, shusha sauti ya 5.3. Na "elimu itolewe kwa jamii" si pendekezo la utafiti, hata ukiliweka chini ya kichwa hicho.

Sharti lisipotee njiani

Barafu ya Kilimanjaro inatufundisha jambo jingine. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani, iliyokuwa imechimba nguzo za barafu kileleni mwaka 2000, iliandika kwamba iwapo hali ya hewa ya wakati ule ingeendelea, barafu iliyobaki ingeelekea kutoweka kati ya 2015 na 2020. Habari ilipozunguka, ile "iwapo" ilidondoka. Miaka ikapita, barafu ipo, imepungua sana lakini ipo, na wapo waliochukulia kwamba sayansi ilidanganya. Makadirio ya mbele ni sehemu ya "utafiti zaidi", na sharti lake linapaswa kuwa ndani ya sentensi ileile yenye mwaka, lisiachwe aya ya juu ambako mnukuzi hatafika.

Upande wa pili wa kisa hiki ni mzuri kuuiga. Watafiti wengine, wakiwemo Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, walisema swali "joto linayeyusha barafu?" ni pana mno kwa mlima huu. Wakaligawa: kiasi gani kinapotea kwa barafu kugeuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa kavu, kiasi gani kwa jua kupiga kuta za barafu zilizosimama wima, kiasi gani kwa theluji mpya kuwa haba tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kila kipande kilikuwa na kipimo chake, na kituo cha hali ya hewa kiliwekwa juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini mwaka 2000 kupima vitu hivyo. Swali kubwa lisilopimika likawa maswali matatu yanayopimika. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kufanya vivyo hivyo na "athari za utalii kwa jamii".

Mlima huohuo una swali ambalo halihitaji kuandikwa tena kama pengo. Bado utakuta maandiko yanayotaka uchunguzwe kama mito ya Moshi itakauka barafu ikiisha. Kazi zilizofanyika kuhusu mvua na chemchemi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hutokana na mvua na ukungu kwenye ukanda wa msitu, na barafu inachangia kidogo sana. Swali lililo hai ni la msitu: moto, ukataji, na mpaka wa juu wa miti unaoshuka. Mwandishi aliyesoma vizuri ana wajibu wa kuandika "hili linatosha, nguvu zielekezwe kule". Ni sentensi adimu. Inahitaji ujasiri zaidi ya "tafiti zaidi zifanyike", kwa sababu unaweza kukosolewa, na ndiyo sababu naiheshimu.

Kuhusu namna ya kuandika, nashauri hivi. Maswali yaliyobaki wazi yaanze kuandikwa siku ya kwanza ya uwandani, kwenye kurasa za nyuma za daftari, kila moja na tarehe na kijiji. Mhojiwa akijibu kitu ambacho dodoso halina kisanduku chake, kiandike huko. Usiku wa kumalizia sura ya tano hakuna anayekumbuka mambo hayo, na hapo ndipo ile aya ya "wilaya nyingine" inapojileta yenyewe. Baada ya uchambuzi, pitia orodha na ufute kila swali ambalo huwezi kulifunga na jedwali, mchoro au nukuu ya mahojiano yenye namba ya ukurasa. Yatabaki matatu au manne. Kila moja lipate aya ya maneno 80 hadi 120: tulichokiona, kwa nini hakitoshi, nani apimwe na wapi, apimwe nini, alinganishwe na nini, kwa muda gani. Makala ya jarida haina nafasi hiyo, sentensi mbili kwenye mjadala zinatosha, lakini ziwe na namba.

Kisha mpe mwenzako ambaye hajasoma tasnifu yako aya hizo pekee. Mwambie aandike kichwa cha utafiti, walengwa na kipimo kikuu kwa dakika 10. Akikuuliza swali, jibu lake ndilo lililokosekana kwenye aya.

Bado viambatisho. Mahojiano mengi Kilimanjaro na Arusha hufanyika kwa Kiswahili, mengine kwa Kichaga au Kimaasai kupitia mkalimani, lakini mwishoni mwa tasnifu hubandikwa dodoso la Kiingereza tu. Anayetaka kurudia utafiti analitafsiri upya kwa maneno yake, halafu matokeo yakitofautiana hakuna ajuaye kama wakulima wamebadilika au swali limebadilika. Weka dodoso kama lilivyoulizwa hasa, pamoja na maneno ambayo mkalimani aliyatumia kwa vitu kama "kipato cha kaya" na "ekari". Weka orodha ya vigezo na namba zake za kompyuta, kwamba 1 ni ndiyo na 9 ni hakujibu. Weka majira-nukta ya GPS ya visima na mashamba pale ambapo hayamtambulishi mtu; yanapomtambulisha, taja kata pekee. Eleza data ghafi imehifadhiwa wapi chuoni na ni ofisi gani ya kuiomba, kwa cheo cha ofisi na si kwa jina la mtu, maana watu huhama.